Mapenzi Huua: Uhakiki wa Wimbo wa Freddie Mercury katika Filamu ya Metropolis

Utangulizi

Yapo mazoea miongoni mwetu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili ya kuuacha wimbo wa santuri ya kigeni upite kama upepo. Aghalabu tunauhesabu kuwa kasumba, tukawaachia vijana na madereva wa matatu waufaidi. Mazoea hayo yana sababu yake, kwani fasihi yetu wenyewe bado haijahakikiwa ya kutosha. Hata hivyo, ziko nyimbo ambazo haifai kuzipa kisogo, ama kwa sababu ya asili ya msanii, ama kwa sababu ya yale zinayoyasema, ama kwa sababu ya namna sisi wenyewe tunavyoyasema yayo hayo kwa Kiswahili. Wimbo unaochunguzwa katika makala haya una sababu zote tatu.

Wimbo wenyewe ni "Love Kills", ulioimbwa na Freddie Mercury na kutolewa katika santuri mwezi Septemba 1984. Aliutunga kwa kushirikiana na Giorgio Moroder, mtunzi wa Kiitalia wa muziki wa ala za umeme, ili utumike katika toleo jipya la filamu ya kale ya Kijerumani iitwayo Metropolis. Makala yanakusudia kuonyesha, kwanza, namna fani ya wimbo huu inavyooana na filamu. Pili, namna maudhui yake yanavyopingana na hitimisho la filamu hiyo. Na tatu, namna jina la wimbo, likitafsiriwa kwa Kiswahili, linavyofichua udhaifu ulio katika wimbo na katika usemi wetu wa kila siku.

Msanii na Asili Yake

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroaster, na baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Alirejea Unguja katika miaka ya mwanzo ya 1960, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza. Huko alisomea sanaa ya uchoraji, na mwaka 1970 akawa mmoja wa waasisi wa bendi ya Queen. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991.

Kuhusu msanii wa namna hii, kuna makosa mawili ambayo mhakiki yampasa ayaepuke. La kwanza ni la wale wanaopiga kifua wakisema, "Huyu ni wetu," kana kwamba kuzaliwa mahali kunatosha kuufanya wimbo uwe wa mahali hapo. Hakuna santuri yake iliyoimbwa kwa Kiswahili, na umaarufu wake hatukuujenga sisi. La pili ni la wale wanaomkataa kabisa. Mwaka 2006 sherehe iliyokusudiwa kufanywa Unguja kwa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kupingwa na jumuiya ya kidini iliyoona kuwa maisha yake hayakulingana na maadili ya visiwa. Mwaka 2019, Mji Mkongwe ulifunguliwa jumba la makumbusho la kumkumbuka. Kisiwa kimoja, basi, kimemkataa na kumtukuza katika muda wa miaka 13, na katika hayo yote nyimbo zenyewe hazikuhakikiwa.

Jambo lenye manufaa zaidi kwa mhakiki ni kuitazama njia aliyoipita. Njia ya kutoka Unguja kwenda Bombay haikuanza naye. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri za taarabu, miaka 26 hivi kabla ya mtoto Farrokh kupelekwa katika nchi hiyo hiyo kusoma. Sinema za mjini Unguja zilionyesha filamu za Kihindi, na wapenzi wa taarabu walizichukua lahani za filamu hizo wakazitilia maneno ya Kiswahili. Desturi ya kuutunga wimbo kwa ajili ya filamu, kisha kuuuza peke yake katika santuri, ilikuwa inajulikana vyema Unguja. Hata desturi ya kubadili jina ilikuwapo: Siti alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Farrokh alikuwa Freddie, na mwaka 1973 alitoa santuri moja kwa jina la Larry Lurex. "Love Kills" ndiyo santuri ya kwanza aliyoitoa peke yake kwa jina la Freddie Mercury.

Filamu Yenyewe

Metropolis iliongozwa na Fritz Lang, na mswada wake uliandikwa na Thea von Harbou. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin mwezi Januari 1927. Ni filamu bubu. Inasimulia mji wa siku zijazo ambamo matajiri wanaishi juu katika majumba marefu na bustani, nao wafanyakazi wanaishi chini ya ardhi na kuzitumikia mashine kwa zamu. Mtawala wa mji ni Joh Fredersen. Mwanawe, Freder, anampenda Maria, msichana anayewahubiria wafanyakazi subira na kuwaahidi mpatanishi. Fredersen anamwamuru mvumbuzi Rotwang ampe mtu-mashine sura ya Maria ili awapoteze wafanyakazi. Wanapotoshwa, wanaivunja mashine kuu, maji yanafurika katika makao yao, na watoto wao wanaponea chupuchupu. Kwa hasira umati unamkamata Maria wa bandia na kumchoma moto. Mwishoni, Freder anaunganisha mkono wa baba yake na mkono wa msimamizi wa wafanyakazi, na fundisho linatolewa kuwa baina ya kichwa na mikono lazima uwepo moyo.

Filamu hii ilikatwakatwa mara tu baada ya kuonyeshwa, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilidhaniwa kuwa imepotea. Mwaka 1984 Moroder alitoa toleo lake: aliipaka rangi, akayaondoa mabango ya maneno na kuyaweka maandishi chini ya picha, kisha akatia nyimbo za waimbaji wa roki wa siku zile, wakiwamo Pat Benatar, Bonnie Tyler na Mercury. Wengi waliona kuwa amelitia doa kaburi la wazee. Wimbo wa Mercury ulifika nafasi ya 10 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na wakati huo huo uliteuliwa Marekani katika tuzo za dhihaka zinazotolewa kwa kazi mbovu za sinema. Mwaka 2008 nakala iliyokaribia kuwa kamili ilipatikana Buenos Aires, na filamu iliyokarabatiwa ikaonyeshwa mwaka 2010. Mwandishi wa makala haya aliiona kwanza filamu hiyo iliyokarabatiwa, alipokuwa ng'ambo akisomea shahada ya uzamili, na baadaye akaliona toleo la Moroder; kwa hiyo aliufikia wimbo huu akiwa tayari na chuki kidogo. Chuki hiyo haikudumu, kwa sababu zitakazoelezwa.

Fani

Muziki wa wimbo huu umejengwa juu ya mdundo wa besi wa kinanda cha umeme unaorudiwa pasi na kuchoka. Hakuna mpigaji anayepumua katika mdundo huo. Ni mtambo unaokwenda. Juu ya mtambo huo inapanda sauti ya binadamu, yenye nguvu nyingi, ikipanda kutoka sauti ya chini hadi kilele. Gitaa la umeme linaingia mara kwa mara kama mtu anayejaribu kuukatiza mtambo usimame, lakini mtambo hausimami. Mgongano huu wa mtambo na koo la mtu ndio msingi wa fani yote, nao ndio msingi wa filamu. Katika sehemu ya mwanzo ya Metropolis tunawaona wafanyakazi wakibadilishana zamu, vichwa vimeinama, hatua zao zikifuata kipimo kimoja. Moroder hakukosea alipoona kuwa ala zake zinaifaa picha hiyo.

Katika lugha, ubeti wa kwanza umejengwa kwa takriri ya ukanushi. Nafsineni anayataja mambo ambayo mapenzi hayamfanyii mtu, nayo si mambo ya maua na mwezi: ni fidia na ankara za nyumbani. Huo ni msamiati wa mtu anayefanya kazi ya mshahara. Zaidi ya hayo, ukanushi wenyewe hautumii upatanisho wa kisarufi wa Kiingereza sanifu; unatumia usemi wa mitaani, ule wa nyimbo za watu weusi wa Marekani na wa walalahoi wa miji ya Uingereza. Mwimbaji aliyelelewa katika shule ya bweni ya Kiingereza alijua sarufi sanifu, kwa hiyo hatuna budi kuuhesabu uteuzi huu kuwa ni wa kisanaa. Wafanyakazi wa Metropolis hawatajwi katika wimbo, lakini lugha yao imo.

Kisha inakuja tamathali kuu. Mapenzi yanatoboa moyo, na kitenzi kilichotumika ni cha kazi ya keekee ya seremala au ya mashine ya kiwandani. Katika ushairi wetu mapenzi ni moto, ni ugonjwa, ni bahari, ni mshale. Methali zetu husema kuwa mapenzi ni majani, popote huota, na kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Hizo zote ni tamathali za maumbile na mwili. Mercury ameyafanya mapenzi kuwa chombo cha chuma. Hapa wimbo unaoana na filamu barabara, kwa maana katika filamu mapenzi pia ni chuma: Rotwang alimpenda Hel, Hel akaolewa na Fredersen na kufariki akimzaa Freder, na mvumbuzi akaunda mtu wa chuma mahali pa mwanamke aliyemkosa. Upande wa pili wa santuri hiyo una muziki wa Moroder uliopewa jina la karamu ya Rotwang. Anayeigeuza santuri anatoka kwenye mapenzi na kuingia nyumbani kwa mtengeneza mashine.

Maudhui

Ikiwa fani inakubaliana na filamu, maudhui yanaipinga. Filamu inafunga kwa kusema kuwa moyo ndio dawa: tajiri na mfanyakazi wakishikana mikono kwa mapenzi, mambo yatatengemaa. Fundisho hili limelaumiwa tangu zamani, na Lang mwenyewe baadaye alikiri kutoridhishwa nalo. Msomaji wa Eldoret hana haja ya kuelezwa mengi. Mji huu ulikua pamoja na viwanda vyake vya nguo. Rivatex ilianzishwa mwaka 1976, ikaanguka, na mwaka 2007 ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi. Wapo wanafunzi wetu ambao wazee wao walisimama kwenye mitambo ile, nao wanajua kuwa kiwanda kinapofungwa, kupeana mkono na msimamizi hakuirudishi kazi.

Wimbo haukubali kuwa moyo ni dawa. Kinyume chake, unasema kuwa moyo ndio mahali penye jeraha, na kwamba kinachoitwa mapenzi ndicho kinachouwasha mtambo. Kwa maana hiyo, wimbo uliotungwa kuipamba filamu umeivunjia nguzo yake. Hatudai kuwa Mercury alikusudia hivyo. Nia ya msanii si kipimo pekee cha kazi yake. Vile vile hatukubaliani na wale wanaousoma wimbo huu kama utabiri wa kifo cha mwimbaji, aliyefariki kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI miaka saba baadaye. Usomaji huo unamchanganya msanii na nafsineni, na unaigeuza sanaa kuwa cheti cha daktari.

Lakini wimbo una kasoro moja kubwa. Baada ya ubeti wa kwanza, msamiati wa fedha unatoweka. Panabaki moyo, jeraha, na mapenzi yasiyomwacha mtu. Kwamba katika filamu yupo aliyemwamuru Rotwang, na kwamba Maria wa bandia hakujituma mwenyewe, havisikiki tena. Mapenzi yanaua, basi. Nani aliyeyatuma? Wimbo hausemi, na mdundo unaendelea.

Kiambishi Hu-

Niliwahi kuwasikilizisha wanafunzi wangu hapa Chepkoilel wimbo huu, nikawataka walitafsiri jina lake. Wengi waliandika "Mapenzi Yanaua". Wachache waliandika "Mapenzi Huua". Mmoja aliandika "Mapenzi Yameua", na alipoulizwa akasema alikuwa anamkumbuka jirani yao.

Kisarufi, walioandika "huua" ndio waliokaribia zaidi, kwa kuwa Kiingereza kimetumia hali ya mazoea. Hali hiyo ndiyo lugha ya methali: haba na haba hujaza kibaba, maji hufuata mkondo. Inasema jambo lililokuwa, lililopo na litakalokuwa. Lakini kiambishi hu- kina sifa nyingine ambayo wanasarufi huitaja haraka na kuipita: hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Mimi huua, wao huua, njaa huua, mapenzi huua. Kitenzi hakibadiliki, na hakituonyeshi mtendaji. Hu- inaficha wakati, na pamoja na wakati inamficha mtu.

Suala hili halikomei katika sarufi. Tarehe 13 Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Mwezi Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ameshiriki marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifariki katika hospitali ya rufaa hapa Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuwashwa moto nyumbani kwake Endebess. Tarehe 27 Januari mwaka huo huo maelfu ya Wakenya walikuwa wameandamana katika miji mingi kupinga mauaji ya wanawake. Lakini sikiliza masimulizi ya mauaji ya namna hii, kwenye matatu na hata kwenye baadhi ya magazeti. Utasikia "mkasa wa mapenzi". Utasikia "ameuawa na mapenzi".

Kiswahili kina utaratibu ulio wazi katika kauli ya kutendwa. Kihusishi "na" humtaja mtendaji, na "kwa" hukitaja chombo: ameuawa na mtu, kwa kisu. Tunaposema kuwa mwanamke "ameuawa na mapenzi", tunayaweka mapenzi mahali pa mtu. Mtu anatoka katika sentensi, na akishatoka katika sentensi, si ajabu atoke na katika mazungumzo ya kijiji. Metropolis imefanya jambo linalofanana na hili. Umati unamchoma mwanamke, nasi watazamaji hatuumii, kwa sababu tumekwisha kuambiwa kuwa yule si mwanamke, ni mashine.

Wimbo wa Pili wa Unguja

Huenda msomaji akasema kuwa tunaudai wimbo wa dansi zaidi ya uwezo wake. Jibu limo katika kisiwa hicho hicho. Siti binti Saad aliimba juu ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na walioumia mbele ya sheria wakawa wanawake waliotoa ushahidi. Wimbo huo unaitwa "Kijiti", na Kijiti ndilo jina la muuaji. Siti alikuwa na kila sababu ya kuuita "Mapenzi", au "Dunia", au "Msiba", kwani taarabu inayo hazina kubwa ya mafumbo. Hakufanya hivyo. Alimtaja mtu, akaigusa na mahakama.

Hatuwapambanishi wasanii hawa ili tumtunukie mmoja na kumfedhehesha mwingine. Siti aliwaimbia watu waliomjua aliyeuawa; Mercury aliiimbia filamu ya miaka 57, kwa soko la dunia nzima, na soko hilo hupendelea ukweli usio na anwani. Tofauti hiyo ya hadhira inaeleza mengi. Lakini kueleza si kusamehe, na kazi ya mhakiki haikomi kwenye kueleza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa "Love Kills" ni kazi yenye fani iliyopangwa vyema, iliyoyageuza mapenzi kuwa mashine na hivyo kuistahili filamu iliyotungiwa. Yameonyesha pia kuwa wimbo una ujasiri ambao filamu haukuwa nao, wa kukataa kuwa moyo pekee unaweza kuponya dhuluma. Kasoro yake ni kwamba umekisema kifo kwa hali ya mazoea na kumwacha mtendaji gizani. Kasoro hiyo si ya Mercury peke yake. Ni yetu pia kila tunapoitumia lugha yetu namna hiyo.

Wafunzi wa Kiswahili wanaweza kulianza jambo hili darasani, kwa zoezi dogo la kugeuza sentensi. Hali ya hu- haina ukanushi wake yenyewe. Ukitaka kuikanusha, huna budi kukirudisha kiambishi cha ngeli kilichokuwa kimeachwa, na mtajwa akirudi katika kitenzi anaweza kuulizwa maswali. Mapenzi huua. La, mapenzi hayaui. Aliyeua ni nani?